Ndege ya Pundamilia kwa Skeli ya 1/24

Mtoto wa Bariadi akitaka gari hamwombi mtu. Anatafuta boksi la sabuni, waya na ndala iliyokatika, na jioni ana lori. Matairi anayakata kwenye ile ndala kwa kisu cha jikoni, na adhabu yake anaijua. Usukani ni waya mrefu unaomfika kifuani, na lori linaendeshwa kwa kukimbia nyuma yake. Wengi tunaosoma jarida hili tulipita huko. Waliokulia mjini walikuwa na vifuniko vya soda. Sisi tulikuwa pia na bua la mtama, ambalo ukilimenya unapata moyo mweupe, mwepesi, unaokatika hata kwa kucha. Hilo bua nitalirudia, maana lina kazi kubwa mbele.

Makala hii inahusu jambo linalofanana sana na lile lori la boksi, ila silo. Duniani kuna watu wazima, wengine wastaafu, wengine mainjinia kabisa, wanaokaa mezani miezi sita wakiunda ndege moja ya zamani, au kifaru, au meli yenye urefu wa kiganja. Wanachounda kinaitwa modeli. Ukiwatazama kwa haraka unasema hawa wanacheza tu. Lakini kati ya modeli na kichezeo kuna kitu kinaitwa skeli, na hapo ndipo kazi ilipo. Lori la mtoto lina matairi mapana kwa sababu ndala ilikuwa nene. Modeli haina ruhusa hiyo. Kila kitu, kuanzia bawa hadi kitasa cha mlango, lazima kipunguzwe kwa namba ileile. Ukishasema 1/24, basi mita 24 za kitu chenyewe ni mita 1 mezani kwako, na hakuna cha kusema eti gurudumu linapendeza zaidi likiwa kubwa.

Hizi namba zina visa vyake. Skeli ya 1/72, inayotumika sana kwa ndege, maana yake ni inchi moja kwa kila futi 6. Waliozoea rula ya inchi waliiona rahisi. Skeli ya 1/48 ni robo inchi kwa futi moja. Ile ya vifaru, 1/35, haina hesabu yoyote nzuri nyuma yake. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitaka kifaru chake, Panther cha Kijerumani, kitembee chenyewe, ikachagua ukubwa ambao mota na betri vingeenea tumboni. Dunia nzima ikafuata betri za Mjapani. Na Airfix ya Uingereza, ambayo watu wengi wanaijua kwa ndege za vita, ilianza na trekta. Mwaka 1949 ilitengeneza kijitrekta cha Ferguson kwa ajili ya mawakala wa mauzo. Spitfire yake ya kwanza ilikuja 1953. Mkulima wa pamba wa Maswa angesema walianza na kitu cha maana.

Tukitaka mfano wa kwetu, Tanzania tunayo meli ambayo yenyewe ilikuwa kama modeli ya kuunganisha, sema ya ukubwa kamili. MV Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikiitwa Graf von Goetzen. Waliiunganisha, wakaifungua tena vipande vipande, wakavipakia kwenye makasha kama 5,000. Makasha yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapanda reli hadi Kigoma, na mafundi wakaanza kuunganisha upya kando ya Ziwa Tanganyika. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ina urefu wa mita 71 na kidogo. Ukitaka kuiunda kwa 1/24 utahitaji karibu mita 3 za meza, na sijui chumba gani cha hosteli kina mita 3 ambazo hazina kitanda. Kwa 1/350, skeli ya kawaida ya meli, inakuwa sentimita 20 tu. Kuchagua skeli ni kuchagua utakachoweza kukiona na utakachokubali kipotee.

Tuje Simiyu sasa. Mkoa wetu umezaliwa juzi, 2012, lakini ardhi yake imepakana na Serengeti tangu hifadhi ilipoanza. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ukishapita Lamadi unakutana na Lango la Ndabaka. Upande wa Meatu, Itilima na Bariadi kuna Pori la Akiba Maswa, halafu Serengeti yenyewe. Na juu ya mbuga hizo iliruka ndege moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo ya kihistoria kuliko zote zilizowahi kupita anga ya huku. Ilipakwa mistari myeusi na myeupe, kama pundamilia.

Ilikuwa Dornier Do 27, yenye namba D-ENTE. Herufi D ni ya usajili wa Ujerumani, na zinazofuata zikisomwa kama neno ni bata kwa Kijerumani. Kwa hiyo ni bata aliyevaa ngozi ya punda. Wenyewe walikuwa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Walikuja nayo kwa kuirusha kutoka Ujerumani, na mwaka 1958 wakaitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika kwa ukubwa ule. Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa peke yake, ndege iligongana na tumbusi ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake lipo ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki 1987, majivu yake yaliletwa kuzikwa papo hapo. Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilimaliziwa na ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Likizo ndefu iliyopita niliamua kuiunda ndege hiyo. Sababu mojawapo, nakiri, ni kwamba vipimo vyake vinagawanyika vizuri. Bawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 12. Urefu ni mita 9.6. Kwa skeli ya 1/24 unapata sentimita 50 na sentimita 40, hakuna desimali za kukusumbua. Modeli za plastiki za dukani sikuwa na hela yake, na boom lilikuwa limeshaisha kabla ya mitihani. Nilikuwa na boksi, karatasi za manila, gundi ya mbao, spoku za baiskeli, chupa za maji, ndala, na shamba la mtama nyuma ya nyumba.

Vipimo viwili havitoshi kuunda ndege. Vingine unavitoa kwenye picha, na njia yake ni ileile ya ramani tuliyofundishwa kidato cha pili tukawa tunasinzia. Unatafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, unapima ndege kwenye picha. Tuseme imetoka sentimita 12. Ndege halisi ni mita 9.6, kwa hiyo kila sentimita ya picha ni sentimita 80 za kweli. Dirisha lenye sentimita 1.2 kwenye picha ni sentimita 96 kwenye ndege, na ukigawa kwa 24 unakata dirisha la sentimita 4. Tatizo ni kwamba picha nyingi hazikupigwa ubavuni kabisa. Mpiga picha alisimama mbele kidogo, pua ikawa kubwa na mkia ukawa mdogo. Ukizifuata bila kufikiri utaunda ndege yenye pua ya nguruwe. Mimi niliunda, ndiyo maana najua. Dawa ni kutumia picha tatu au nne na kutafuta kitu unachojua ukubwa wake kiwe karibu na sehemu unayopima.

Bawa la Do 27 lina siri yake. Liko juu ya chumba cha rubani, kama yale ya Cessna ndogo tunazoziona zikitua kwa watalii, lakini Cessna nyingi zina nguzo mbili za mshazari zinazolishika bawa kutoka chini. Do 27 haina. Bawa linajishikilia lenyewe kwa mihimili ya ndani. Ukiunda kwa boksi tupu, baada ya siku mbili ncha zinainama kama masikio ya mbuzi. Hapo ndipo spoku za baiskeli zinaingia, mbili sambamba ndani ya bawa, na mbavu za bua la mtama zimechomekwa juu yake kila baada ya sentimita 3. Bua linakatwa kwa wembe, linachongeka hadi umbo la bawa litokee, na ni jepesi sana. Juu unavika manila. Gundi ya mbao ina maji, kwa hiyo ukipaka upande mmoja karatasi inajikunja kuelekea huko. Paka pande zote mbili kwa wakati mmoja, bandika, funga kwa uzi, ulale. Asubuhi ndiyo utajua.

Madirisha nilikata kwenye chupa za maji. Magurudumu, bila aibu, ni ya ndala, ila safari hii yamepimwa.

Rangi ndiyo iliyoniumiza. Kwa 1/24, milimita 1 ya modeli ni sentimita 2.4 za ndege yenyewe. Brashi ya shilingi mia tano ikitetemeka milimita moja, mstari wa pundamilia umehama karibu upana wa vidole viwili. Tena mistari haifanani upande wa kushoto na wa kulia, kama ilivyo kwa punda mwenyewe. Picha nzuri nilizopata ni za upande mmoja. Kwa upande wa pili ilibidi nichague kati ya kubuni na kuacha weupe. Watu wa modeli wanabishana sana hapa. Wengine wanasema jaza tu, nani ataona. Mimi niliacha upande wa kushoto wa mwili bila mistari, na kila mgeni aliyeingia ndani aliniuliza kama rangi imeniishia.

Mdogo wangu wa darasa la sita ndiye alikuwa msaidizi, na swali lake la kila siku lilikuwa moja: itaruka? Nikamwambia haitaruka, akauliza kwa nini, na kusema kweli nilichelewa kumjibu. Jibu ni hili. Ukipunguza urefu mara 24, eneo la bawa halipungui mara 24, linapungua mara 24 kwa 24, yaani 576. Na uzito, kama kila kitu kingekuwa sawasawa, unapungua mara 24 kwa 24 kwa 24, ambayo ni 13,824. Do 27 ikiwa na mzigo ilifika tani moja na nusu hivi. Gawanya kwa 13,824, unapata gramu 108. Modeli yangu tuliipeleka dukani tukaiweka kwenye mizani ya dagaa, ikasoma gramu 300. Maana yake, kwa skeli yake, nimeunda ndege ya zaidi ya tani 4. Mdogo wangu alifikiri kidogo, akaniambia: basi kaka, punguza gundi.

Lakini kitu kilichonifanya niandike makala hii ni tumbusi. Nilikuwa nimesoma kwamba ndege iligongana na ndege-mnyama nikapita haraka, nikiwaza kitu kama kunguru. Nilipotaka kumuunda ili nimning'inize kando ya modeli, nikaangalia vipimo. Matumbusi wakubwa wa Serengeti wana mabawa ya mita 2.4 hivi yakikunjuliwa. Kwa 1/24 ni sentimita 10. Nilimkata kwenye manila nikamweka kando ya bawa la sentimita 50. Jamani. Ni moja ya tano ya upana wa ndege nzima. Yule niliyemdhania kunguru alikuwa kama mtu aliyenyoosha mikono akikujia usoni. Hakuna sentensi iliyonionyesha hivyo, na nilizisoma nyingi.

Baada ya hapo ikaja shida ya chini ya ndege. Modeli ya ndege inayoruka unaishikilia kwa waya juu ya kibao, na kwenye kibao unaweka mandhari. Niweke nini? Jibu jepesi ni nyumbu, na kweli Grzimek na mwanawe waliwahesabu. Hawakufika laki moja, ilhali leo wanapita milioni. Lakini ukiuliza waliongezekaje, sehemu kubwa ya jibu ni kuisha kwa sotoka, na sotoka iliisha kwa nyumbu kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa. Ng'ombe wa kwetu, wa Wamasai na wa majirani wengine. Halafu ile hesabu ya angani haikuwa ya kujifurahisha. Wakati ule kulikuwa na mjadala mkali kuhusu mipaka ya hifadhi, na akina Grzimek walitaka kuonyesha kwamba wanyama wanahama hadi nje ya mstari uliopendekezwa. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamia upande huo. Kutoka juu, kwenye kiti cha rubani, watu wanaonekana wadogo. Kwa 1/24 mtu wa mita 1.70 ni sentimita 7, na anaonekana vizuri tu. Kwenye kibao changu nimeweka ng'ombe sita wa udongo na mchungaji mmoja, ametazama juu. Najua kuna watakaosema nimeingiza siasa kwenye ndege.

Kuna jambo jingine nililogundua nikitafuta vipimo. Za Do 27 zipo: michoro, picha, uzito, kila kitu, maana Wajerumani wamevitunza. Nikajiuliza, nikitaka kuunda lori la pamba la huku je? Yale malori yaliyobeba pamba kutoka magulio hadi viwanda vya kuchambua, ambayo kila mzee wa Bariadi ana hadithi yake moja ya kukwama nayo mtoni. Modeli yake haiuzwi popote, kwa sababu bodi zake zilichongwa na mafundi wa hapa hapa, kila moja kivyake. Mchoro hakuna. Kilichopo ni lori lenyewe, kama bado lipo.

Jirani yetu mmoja alikuwa nalo, Bedford ya zamani, limekaa juu ya mawe chini ya mwembe tangu sijazaliwa. Nilienda na tepu ya fundi nguo. Nikamwamkia, shikamoo babu, nikamweleza ninachotaka. Alinitazama kama mtu wa kodi. Baadaye akanishikia ncha ya tepu mwenyewe. Upana wa bodi mita 2.20, kwa skeli yangu sentimita 9.2. Kipenyo cha tairi sentimita 90, sawa na sentimita 3.75. Tuliandika vipimo 31 siku hiyo. Kimo cha kichwa cha lori sikupima, kwa sababu nyuki walikuwa wamejenga ndani na babu alisema tuwaache hadi jioni, na jioni ikanyesha.

Niliporudi likizo fupi, mwembe ulikuwa peke yake. Wanunuzi wa chuma chakavu walipita wakalikata kwa gesi, siku mbili tu, na babu hakuwa na sababu ya kukataa hela. Kwa hiyo sasa lile lori ni kurasa nne za daftari langu, upungufu wa kipimo kimoja.

Babu ana picha moja yake. Yumo yeye, kijana, suruali pana, amesimama bega kwa bega na mlango wa Bedford, karibu kabisa, ubavuni kabisa. Nikamweleza kwamba nikijua urefu wake nitapata kimo cha kichwa cha lori. Akasimama ukutani, nikaweka rula kichwani na kuchora mstari kwa mkaa. Mita 1.66. Aliniambia niandike pia kwamba wakati ule alikuwa mrefu zaidi, na kwamba siku ya picha alivaa viatu vya soli nene.